Shauri la Mageti Mawili

Mume wangu Mika alitumia wiki tano kuchagua kati ya vyuo viwili vya sheria vinavyofanana kiasi kwamba nadhani hata mbwa wa walinzi wao walizaliwa na mama mmoja. Naeleza haya nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba hasira ni hasara. Hasara yenyewe nimeshaiona kwa macho yangu.

Mika ni karani wa mahakama ya mwanzo huku kwetu Chitete. Amekaa kwenye kiti hicho miaka kumi na saba. Kazi yake ni kuita watu majina, kutunza majalada na kuandika tarehe. Ukimwona barabarani na shati lake jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu, utadhani ndiye hakimu, na wageni wengi humwamkia hivyo. "Shikamoo mheshimiwa." Yeye huwasahihisha wote, hata wale wanaopita tu na mbuzi wao. "Mimi ni karani tu," husema. Hiyo "tu" nimeisikia tangu tuoane, na kila akiisema huwa anatazama viatu vyake.

Kwao ni Ileje, milimani, kwa watu wanaolima na kusali na kusema maneno machache. Mimi nimezaliwa Chapwa, hapo Tunduma, ambako mtu asiyesema haraka anapitwa na malori. Ninauza vitenge. Navitoa mpakani, navileta Chitete kwenye mabunda, na simu yangu ina laini mbili, moja ya huku na moja ya Zambia, kwa sababu mama ninayechukua mzigo kwake anakaa Nakonde na hapendi kupigiwa kwa gharama. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu kuna mtu mmoja wa haraka na mtu mmoja wa taratibu. Watu husema ndiyo ndoa nzuri. Hao watu hawajawahi kumsubiri Mika avae viatu.

Stashahada ya sheria aliisoma kwa taabu, likizo hadi likizo, akisomea mezani pale pale tunapokatia mboga. Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na mitatu, ofisini wakampa barua ya ruhusa ya kwenda kuchukua shahada. Barua ilikuwa na sharti lake. Ruhusa ni ya mwaka huu. Asipoenda, nafasi inachukuliwa na anayefuata, mwenzake mmoja anaitwa Deus, na yeye anarudi mwisho wa foleni. Nyuma ya Deus kuna watu sita. Piga hesabu mwenyewe uone Mika atafika chuoni akiwa na mvi kiasi gani.

Akaomba vyuo viwili, na vyote viwili vikamkubali. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Sikujua kwamba kukubaliwa mara mbili ni balaa. Mfumo wa udahili unamtaka mtu wa namna hiyo athibitishe chuo kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi kamili jioni. Usipothibitisha, unakosa vyote.

"Sasa hivyo vyuo vina tofauti gani?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshavitembelea kabla ya kuomba. Viko mji mmoja, huko mbele ya Mbeya, na ukitoka kimoja unafika kingine kwa miguu kabla jasho halijakauka. Vyote vya kanisa. Miaka ya masomo sawa, ada inapishana kwa bei ya mkungu wa ndizi. Kuna mwalimu mmoja wa sheria ya mikataba anafundisha vyote viwili, Jumatatu huku, Jumatano kule, kwa koti lile lile. Mika akafikiri muda mrefu.

"Kimoja kina geti la bluu," akasema. "Kingine la kijani."

Nikacheka, nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Kesho yake alirudi na jalada jipya la kahawia, amelinunua kwa pesa yake, maana karatasi ya ofisi haigusi. Akaketi mezani, akachora mistari kwa rula, akaandika juu yake kwa ile hati yake nzuri: Geti la Bluu dhidi ya Geti la Kijani. Akaandika tarehe. Akaniambia kwamba uamuzi unaofanywa bila kusikiliza pande zote ni batili.

"Baba Rozi," nikamwambia, "mchagua jembe si mkulima."

"Aliyesema hivyo hakuwahi kulima Ileje," akanijibu, akaendelea kuchora mistari.

Basi wiki ya kwanza akaitwa baba yake mdogo, mzee Amoni, akashuka kutoka Ileje kwa magari mawili na bodaboda kuja kutoa ushahidi. Nikampikia. Mika akamweleza vyuo vyote viwili kwa utaratibu, mzee akasikiliza akiwa amefumba macho, nikajua amelala. Kumbe hakulala.

"Mwanangu, chukua hicho cha bluu," akasema.

"Kwa sababu gani, baba?"

"Ndicho ulichokitaja kwanza."

Mika akaandika. Nilisimama nyuma ya bega lake nikaona anaandika maneno yale kama yalivyo, na mwisho akaweka: shauri linaahirishwa hadi Jumatano. Sikubaki kusoma zaidi. Mimi neno hilo, linaahirishwa, nalichukia kupita maneno yote ya Kiswahili. Nimeona kina mama wakitembea tangu alfajiri na watoto mgongoni kuja kusikiliza kesi zao za mashamba, wanaambiwa shahidi hakufika, rudini tarehe kumi na nne. Mume wangu ndiye anayelitamka, kwa upole, akiwa amesimama mlangoni. Sasa ameliingiza nyumbani kwangu.

Jumatano akaitwa mwalimu Felix wa sekondari. Mwalimu Felix akasema vyuo vyote sawa, muhimu ni juhudi ya mwanafunzi. Hilo hata kuku wangu angelisema. Likaahirishwa. Jumapili akaulizwa mchungaji, akasema tuombe. Tukaomba. Likaahirishwa.

Wiki ya tatu akaanza safari za kilimani. Akitoka kazini haji nyumbani, anapanda pale juu kwenye mtandao mzuri na ile simu yake ya vitufe, anapiga simu mpaka salio liishe, ndipo anarudi. Nikimuuliza alikuwa anaongea na nani, anasema ofisi ya chuo. Wamesema nini? Wamesema apige kesho. Kesho wanasema apige Jumatatu. Nilijua kinachoendelea, au nilidhani najua. Mtu mwenye woga akikosa sababu ya kusubiri huenda kuitafuta kilimani.

Jumamosi moja akaondoka na basi kwenda huko huko kwenye vyuo vyake, akarudi Jumapili amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Geti bado la bluu?" nikamuuliza.

"Bado."

"Na lile la kijani?"

"Ofisi zilikuwa zimefungwa," akasema, akaomba maji ya kuoga.

Nisije nikaonekana mke asiyependa mumewe. Nampenda Mika, na ndiyo maana nilikuwa naumwa. Nilikuwa naiona ile barua ya ruhusa juu ya kabati, imewekwa ndani ya Biblia isikunjike, na najua kila siku inayopita inaila. Niliona Deus akipita nje ya nyumba yetu akisalimia kwa uchangamfu ambao hakuwa nao mwaka jana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa linauma ni langu, yeye alikuwa analala vizuri tu.

Wiki ya tano, siku ya Jumatano, nilipasuka. Alikuwa anafunga lile jalada na kamba yake, taratibu, kitanzi cha kwanza, kitanzi cha pili, na mimi nilikuwa nachambua maharage.

"Unaogopa," nikamwambia. "Umekaa chini ya mahakimu miaka kumi na saba mpaka umegeuka kiti. Ukiambiwa usimame, hujui miguu iko wapi."

Aliliweka jalada juu ya kabati karibu na Biblia, akatoka, akaenda kumwagilia miche ya kahawa aliyoipanda nyuma ya nyumba, kahawa ambayo kila mtu amemwambia haitastawi kwenye joto la Chitete. Nikabaki na maharage yangu. Nilijua nimesema neno baya, na nilijua pia kwamba sitaliomba radhi kabla ya Ijumaa.

Alhamisi jioni akaja amechangamka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona Mika akiingia mlangoni haraka.

"Nimeamua," akasema. "Kijani."

"Kwa nini kijani?"

"Imeandikwa kwenye jalada."

Nilifurahi kiasi kwamba sikujali imeandikwa nini. Angesema amechagua kwa sababu kijani ni rangi ya sukuma wiki, ningemkumbatia vile vile.

Ijumaa asubuhi umeme haukuwepo Chitete, na mtandao ukaondoka na umeme. Mika akaomba ruhusa kazini, na saa tano tukapanda pikipiki yake, mimi nyuma na jalada tumboni mwangu ndani ya kanga, tukashika barabara ya vumbi kwenda Tunduma. Pale Tunduma kuna Dina, ana steshenari yenye kompyuta nne, na ndiye aliyemsaidia Mika kutuma maombi. Njiani nilikuwa naimba. Nilikuwa nimeanza hata kupanga nitakavyomfungia nguo zake, na sabuni gani nimpe.

Tukaingia mjini, malori yamejipanga kama kawaida kutoka forodhani hadi kusikoonekana mwisho. Nikatoa simu yangu nikatazama. Saa saba na dakika kumi. Nikashangaa jinsi tulivyowahi. Nikajisemea kwamba ukiwa na furaha hata barabara inakuwa fupi, na nikairudisha simu kwenye mkoba.

"Twende kwa Dina moja kwa moja," Mika akasema.

"Tutakwenda. Kwanza ule. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Tumalize kwanza."

"Mtu aliyechagua geti kwa wiki tano leo ndiyo ana haraka?" nikamtania. Akacheka, akanifuata.

Tukala wali na maharage kwa mama mmoja karibu na stendi. Nilimwagizia na nyama. Nilitaka abonyeze ile kompyuta akiwa ameshiba, kama mwanaume anayekwenda kusomea sheria, siyo karani aliyetoroka kazini. Tulipomaliza akaniuliza ni saa ngapi, maana saa yake ya mkononi alimpa binti yetu Rozi aende nayo kwenye mitihani huko bweni, na saa ya ile simu yake ya vitufe haijawahi kuwa sahihi tangu betri ilipoanguka. Nikatazama. Nikamwambia saa nane kasoro dakika tano, atulie.

Kisha nikampeleka sokoni kumnunulia shati. Hakutaka, lakini siku ile nilikuwa nimeamua kwamba mimi ndiye hakimu. Shati la kwanza mikono mirefu mno, la pili rangi ya mlinzi, la tatu likamkaa. Tukiwa tunatoka nikakutana na yule mama yangu wa vitenge amevuka kutoka Nakonde.

"Mulishani, bamayo," nikamsalimia, na tukaanza habari za mzigo. Ana vitenge vipya vya maua makubwa, nikavikunjua, nikauliza bei, tukavutana kidogo. Mika alisimama pembeni ameshika jalada kwa mikono miwili.

"Mama Rozi, saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu. Bado saa nzima na nusu. Kwani Dina anahama?"

Akasogea mpaka nyuma yangu. "Naona jua limeshuka," akasema.

"Ni vumbi," nikamjibu.

Nayaandika hivi yalivyo, kwa sababu aliyezoea kuandika mambo yalivyo ni yeye, na mimi nataka siku hiyo niandikwe vizuri.

Tulifika kwa Dina simu yangu ikisema saa tisa na dakika tano. Palikuwa na watu wawili tu. Mika akavua kofia ya pikipiki, akasalimia, akaketi kwenye kiti mbele ya kompyuta, akanyoosha mikono ya shati lake jipya. Akamtajia Dina namba ya siri bila kuangalia simu. Alikuwa ameihifadhi kichwani. Dina akaandika, akasubiri, akaandika tena. Kisha akageuka akanitazama mimi, hakumtazama Mika.

"Mama Rozi, dirisha limefungwa."

"Lifungue."

"Siyo langu, mama. Ni la kwenye mfumo. Wamefunga saa kumi."

"Saa kumi bado," nikasema. Nikatoa simu nikamwekea usoni. "Hii hapa. Saa tisa na dakika tano. Tuna karibu saa nzima."

Dina akaitazama simu, akatazama pembe ya kompyuta yake palipoandikwa saa kumi na dakika tano, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba nguo imechanika nyuma.

"Hiyo ni saa ya wapi, mama?"

Nimezaliwa Chapwa. Nimekulia kwenye mji ambao mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Tulikuwa tunacheza hivyo tukiwa watoto, tunaruka kile kijia cha mpakani na kurudi, tunasema tumeiba saa. Najua kwamba ukifika Tunduma simu yenye laini mbili inakamata mnara wa ng'ambo, na saa yake inahama bila kukuomba ruhusa. Miaka yote naisahihisha kichwani, bila hata kujua kwamba naisahihisha. Chitete simu inasema ukweli, Tunduma unaongeza saa moja, basi. Na siku moja tu niliyotakiwa kuongeza, nilikuwa nimefurahi mno.

Nikakaa kwenye benchi la wateja. Nilitamani Mika anigombeze. Ningekuwa mimi, wallahi, mpaka Nakonde wangesikia. Yeye akamwomba Dina ajaribu mara moja tena, tafadhali. Dina akajaribu. Mika akashukuru. Akaniuliza kama anaweza kuazima simu yangu apige chuoni, akatoka kusimama nyuma ya steshenari ambako kelele za malori hazifiki sana. Jalada akaliacha juu ya kiti.

Nililichukua kwa sababu mikono yangu ilikuwa haina kazi. Wiki tano limekaa kwenye nyumba yangu sikuwahi kulifungua. Nikafungua kitanzi cha kwanza, cha pili.

Ukurasa wa kwanza haukuwa wa mzee Amoni. Nilidhani ndiye aliyeanza. Ulikuwa wangu. Tarehe yake ilikuwa ya nyuma, ile siku ya vigelegele, jioni yake, kabla hata jalada halijanunuliwa. Shahidi wa kwanza, mke wa mwombaji, miaka thelathini na tisa, mfanyabiashara, Mkristo, anaeleza: "Mimi sheria siijui. Chagua kile kinachorudisha watu."

Nilisema hivyo? Nilisema. Nilikuwa nageuza ugali, mgongo nimempa, nikalitupa tu lile neno na kuendelea kusonga. Lakini Mika anajua neno lile linatoka wapi. Baba yangu aliondoka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Kitwe nikiwa na miaka sita. Akaleta blanketi moja, kwa mkono wa dereva. Blanketi lilifika, yeye hajarudi mpaka leo, na mama yangu hakuwahi kufunga geti la uani mpaka alipozeeka.

Chini ya maneno yangu Mika alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, ambayo huitumia kwa mambo ya mahakama pekee: hoja hii ndiyo ya msingi.

Nikaendelea kusoma. Kila palipoahirishwa palikuwa na sababu, na zote zilikuwa sababu moja. Linaahirishwa, chuo hakijatoa ratiba ya vipindi. Linaahirishwa, ofisi imeahidi ratiba Jumatatu. Linaahirishwa, mwombaji amefika mwenyewe, ofisi imefungwa. Zile simu za kilimani zilikuwa kuulizia ratiba. Lile vumbi kwenye kope zake lilikuwa la ratiba. Na Jumatano, siku niliyomwita kiti, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: shahidi wa kwanza amechoka, shauri liharakishwe.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi. Hukumu. Ratiba zimepatikana. Geti la Bluu lina vipindi hadi Ijumaa jioni. Geti la Kijani halina kipindi Ijumaa. Kuna basi la Alhamisi saa kumi na moja jioni linalofika Tunduma. Mwombaji anaweza kulala Chapwa kwa mama mkwe na kuwa Chitete Ijumaa asubuhi, kila wiki, kwa miaka yote ya masomo. Kwa hiyo Geti la Kijani limeshinda.

Hapo ndipo nililia, ndani ya steshenari ya watu, mbele ya kijana aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Nililia kwa hasira. Nilijikasirikia mimi, nikaikasirikia ile simu, nikamkasirikia na yeye pia. Mtu gani anakuchagulia maisha kwa neno ulilosema unasonga ugali, halafu hakwambii? Angesema siku moja tu, nasubiri ratiba ili niweze kurudi kwako, ningepanda kile kilima mwenyewe na kupiga simu mpaka chuo kizima kikimbie. Lakini Mika haamini kumwambia mtu jambo ambalo bado halina ushahidi.

Akarudi. Akanipa simu yangu.

"Wamesema mwakani," akasema.

"Mwakani ni Deus."

"Ndiyo."

"Baba Rozi, mimi ndiye nimekuchelewesha."

"Tumechelewa," akasema.

"Usiniambie tumechelewa. Uliniuliza saa mara mbili."

Aliketi pembeni yangu, akalifungua jalada kwenye ukurasa wa mwisho, akatoa ile kalamu nyekundu mfukoni. Nimekaa naye vya kutosha, najua kalamu nyekundu mwishoni mwa ukurasa inaandika nini. Shauri limefungwa. Akishaandika hivyo, jalada linakwenda stoo, na Mika hajawahi kufungua jalada lililokwenda stoo. Angerudi kazini Jumatatu, aite watu majina, aseme mimi ni karani tu, atazame viatu. Angefanya hivyo bila kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo nisingeliweza.

Nikaichomoa kalamu mkononi mwake. Nikachukua ya bluu kutoka mfukoni, nikalivuta jalada mapajani mwangu. Hati yangu siyo nzuri, na Dina akaniletea daftari la kuegemezea. Nikaandika lile neno ninalolichukia. Shauri linaahirishwa hadi Jumatatu, saa mbili asubuhi, saa ya Tanzania, mbele ya mkuu wa kazi wa mwombaji. Sababu: shahidi wa kwanza alikuwa kwenye saa ya Zambia. Shahidi wa kwanza atakuja mwenyewe, na simu yake, kueleza nani alichelewa na kuomba ruhusa ya mwombaji isogezwe hadi mwakani.

Mika akasoma. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kama anavyofanya na majalada ya watu.

"Wanaweza kukataa," akasema.

"Wakatae nikiwa nimesimama pale."

Akanyoosha kidole chini kabisa ya karatasi, upande wa kulia.

"Hapo weka sahihi," akasema.

Nikaweka.